Mwalimu Asiyeuliza Kama Umekula

Ukifika nyumbani kwa Mwalimu pale Kabeza, mtaa wa Kigali, ukasikia mtu anakuuliza, "Umekula?", basi ujue umekosea geti. Mwalimu hakuwa na swali hilo. Alikutazama usoni mara moja, akageuka kuingia jikoni, na kabla hujamaliza kuwasalimu waliokutangulia ulikuwa umeshashikishwa sahani ya moto. Maharage, ndizi, viazi vitamu, chochote kilichokuwa kwenye sufuria siku hiyo. Ukisema umeshiba alikujibu, "Sijakuuliza." Ukisema una haraka alikwambia, "Basi tafuna haraka." Na alisimama palepale, mikono kiunoni, mpaka aone kijiko kimeanza kazi.

"Nikikuuliza," aliniambia siku moja, "nakupa nafasi ya kunidanganya. Na nyinyi watu wa hapa mmelelewa vizuri mno, mtaitumia."

Alisema "nyinyi watu wa hapa" ilhali yeye ni Mnyarwanda kuliko mimi. Babu yangu mimi alitokea pwani na mzigo wa nguo, akaoa hapa, akasahau njia ya kurudi. Mwalimu alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akasoma huko, akafundisha huko, akarudi Kigali nywele zikiwa nyeupe na Kiswahili kikiwa kimenyooka. Habari za ukoo wake sizijui na sikuwahi kuziuliza. Kwa wazee wa umri ule maswali ya ukoo huwa yana mkia mrefu, na mimi nina duka la kuendesha.

Duka langu ni la kuchapa na kutoa fotokopi, na limepakana na geti lake. Ndivyo tulivyojuana. Aliingia asubuhi moja na bahasha ya karatasi zilizoandikwa kwa mkono, akaziweka mezani, akaniambia nichape na nisibadilishe kitu. Ilikuwa hadithi ya watoto. Kanyana na mdogo wake Gato wanatembea na mama yao kuelekea mashariki, wakati wa njaa ile ya zamani ambayo wazee bado wanaiita Ruzagayura. Mvua zilikataa, viazi vikashikwa na ugonjwa vikaozea ardhini, watu wakafunga mizigo yao wakaondoka. Mwalimu aliipitia njaa hiyo kwa miguu yake akiwa mtoto, na alitaka watoto wa leo, ambao njaa kwao ni chapati kuchelewa, waijue kabla wote walioiona hawajaisha.

Sura zote aliziandika kwa wepesi isipokuwa moja. Hiyo moja ilimla miaka yote niliyomfahamu. Ndani yake Gato, akiwa hajala siku nyingi, anafika kwenye nyumba ambayo mwanamke amepika boga, na mwanamke huyo anamkaribisha. Swali lilikuwa hilo tu: Gato anakula au hali? Mwalimu hayupo tena, Mungu amrehemu, na kila nikipita kwenye geti lile najuta kwamba jibu lilichelewa kiasi kile.

Kila Jumamosi, na zile Jumamosi za umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, baada ya watu kurudi na majembe yao, watoto wa mtaa walijaa barazani kwake. Walilaza majerikani ya maji ubavu wakayafanya viti. Mwalimu alisoma sura kwa Kiswahili, akarudia kwa Kinyarwanda pale alipoona macho yanazubaa, na alipoona mtoto anachezea kidole cha mguu alisimama, akatoa kalamu, akakata mstari ule. "Mstari huu mzito," alisema. "Hata mimi umenichosha." Watoto walimpenda Gato kupita kiasi. Wakimkuta Mwalimu barabarani walimwita kwa mbali, "Mwarimu! Reo Gato anakura nini?" Naye aliwajibu, "Njooni Jumamosi, mtajua."

Na Jumamosi Gato alikula. Kwanza alikula kwa sababu mwanamke wa boga alimvuta mkono akamkalisha mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa Mwalimu alirudi dukani na karatasi mpya, na safari hii Gato alikula kwa sababu alipita padri akatoa amri. Baadaye tena alikula kwa sababu mbwa wa nyumba ile alimpenda. Mimi nilichapa zote. Nilipochapa ile ya mbwa nilicheka, nikamwambia, "Mwalimu, mtoto huyu atakula kwa njia ngapi?" Hakucheka. Alichukua karatasi zake zikiwa bado na joto la mashine, akaondoka.

Wala usidhani alikuwa bibi mpole wa kuchekacheka na watoto. Alikuwa mkali. Jirani yetu Mama Kevin, anayeuza chapati kwenye kona, alimkwepa kwa kupita upande wa pili wa barabara. Akinaswa alilalamika, "Mwarimu, mimi iko na haraka, watoto iko peke yao nyumbani." Mwalimu alimsahihisha Kiswahili kwanza, kisha akampa sahani, kisha akamfungia nyingine ya watoto. Mama Kevin alikula huku amenuna. Nilimwuliza kwa nini basi asikatae. "Weye jaribu," aliniambia. "Jaribu tu, tuone."

Nilijaribu mimi, mwezi wa Ramadhani. Alikuja dukani saa sita mchana na sahani imefunikwa kitambaa. Nikamwambia, "Mwalimu, nimefunga." Akaniuliza nimefunga nini. Nikamweleza, kana kwamba hajui, yeye aliyeishi na Waislamu maisha yake yote. Alibaki amesimama na ile sahani, nikaona kabisa anapigana na nafsi yake. Mwishoni aliiweka juu ya mashine ya fotokopi akasema, "Itakungoja hapo mpaka jua lizame. Wewe na Mungu wako mtaelewana, lakini mimi nimeshaileta." Na padri wake naye, Mwalimu alimchosha vilevile. Ilipofika Kwaresima, watu wakihimizwa kufunga, Mwalimu alisema waziwazi nje ya kanisa kwamba yeye alifunga akiwa mtoto, akafunga na kwa niaba ya parokia nzima, na hesabu yake na Mungu kuhusu jambo hilo ilishakwisha.

Sasa, jambo la ajabu. Mtu huyu aliyelisha mtaa mzima, mimi sikuwahi kumwona akila. Kwenye arusi moja Gahanga tulikaa meza moja kutwa nzima. Aliletewa Fanta, ikafunguliwa mbele yake, akaweka mrija, na kila alipotaka kunywa aligeuza uso ukutani kama bi harusi wa zamani. Chakula kilipokuja aliwasogezea wengine. Nyumbani kwake alikula jikoni, mlango umefungwa. Nilimtania: "Mwalimu, unatufundisha ya kutenda, wewe huyatendi?" Akanijibu, "Mimi nilishaharibika. Fundi hajirekebishi mwenyewe."

Alikuwa pia na ugomvi wa kudumu na ule msemo wetu wa asiyefunzwa na mamaye. Mwalimu mwingine yeyote wa Kiswahili anauandika ubaoni kila muhula. Yeye hakuutaka masikioni. Mtoto mmoja aliuleta kutoka shuleni, akausema kwa madaha mbele ya baraza, akingoja kupongezwa. Mwalimu akamwambia, "Mimi nilifunzwa na mama yangu, tena vizuri sana. Ulimwengu ulinikuta nimeshafunzwa. Kaa chini." Yule mtoto alikaa, hajui alikosa wapi, na wala mimi siku hiyo sikujua.

Sheria ya baraza lake ilikuwa moja. Mtoto akifika alisimama mlangoni na kusema kwa sauti, "Nina njaa." Hata kama ametoka mezani kwao muda uleule. Aseme kwa Kiswahili, aseme kwa Kinyarwanda, "Ndashonje," Mwalimu hakujali, ilimradi sauti ifike jikoni. Asiyesema haingii. Kwa mgeni hili ni jambo dogo, lakini anayeijua nchi yetu anajua uzito wake. Hapa mtoto mwema hali kwa watu. Akikaribishwa anasema "Ndahaze", yaani nimeshiba, hata kama utumbo unamlia mpaka jirani anasikia. Mama yake akisikia kwamba aliomba chakula mahali, siku hiyo hakukaliki. Mwalimu alichukua watoto wa watu waliofundishwa hivyo, akawafundisha kinyume chake, Jumamosi baada ya Jumamosi, na wazazi hawakupenda.

Baba mmoja wa mtaani, mfanyakazi wa ofisi aliyekulia Uganda, alikuja na hasira zake mpaka getini. Mimi nilikuwa nje namwagia maji vumbi la mbele ya duka, nikasikia yote.

"Mwarimu, mimi nakuheshimu sana," alisema. "Lakini jana bosi wangu alikuja kwangu na madamu wake. Tunaongea vizuri. Mtoto wangu anatoka chumbani, anasimama katikati ya sebule, anasema, 'Iko na njaa!' Mbele ya wageni! Sasa watu watasema hatumlishi?"

"Alipewa chakula?" Mwalimu aliuliza.

"Alipewa, yego. Lakini aibu, Mwarimu! Aibu!"

"Imekuua?"

"Oya, haikuniua."

"Basi aibu hiyo itapita. Ingia ule."

Hakuingia. Aliwakataza watoto wake kurudi, na wazazi wengine wawili watatu wakamfuata. Kwa muda mrefu baraza lilikuwa na majerikani mengi kuliko watoto. Mwalimu alisoma vilevile, sauti ileile, kwa wale wachache waliobaki, na mimi nilimhurumia kwa sababu niliona anapika kiasi kilekile na jioni anagawa mabaki kwa walinzi wa mageti. Watoto walirudi polepole, mmoja mmoja, kwa kupitia nyuma ya duka langu. Nadhani Gato ndiye aliyewarudisha. Walitaka kujua alifika wapi.

Tulikwenda pamoja mara moja Kiyovu, kwa watu wanaochapisha vitabu vya shule. Mwalimu alipanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani mwake, helmeti juu ya kilemba, akimwamuru dereva apunguze mwendo kuanzia Kabeza mpaka tunashuka. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu na viatu vinavyong'aa, na alikuwa amesoma kurasa zote, jambo ambalo mimi sikulitegemea.

"Mwarimu, story iko nzuri sana," alisema. "Watoto watapenda. Iko sura moja tu haina mwisho. Huyu mtoto anakura?"

"Wewe unaonaje?" Mwalimu alimwuliza.

"Mimi? Akure! Mwarimu, mtoto akikufa kwa kitabu, mzazi hanunui. Na watoto wa hapa wamesikia mambo mazito ya kutosha. Tuwape matumaini kidogo."

Sitamlaumu yule kijana, maneno yake yalikuwa na haki. Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, akakusanya karatasi zake, akasema bado hajaridhika na boga. Tuliporudi hakumwamuru dereva apunguze, naye akaenda mwendo autakao.

Alinieleza msimu wa mvua uliofuata. Umeme ulikuwa umekatika, mashine zimelala, mvua inapiga mabati mpaka tukawa tunasogeleana ili kusikizana. Alikuja kuchukua karatasi zake, hakuweza kutoka, nikampa kiti. Na kwa kuwa hakukuwa na kazi nilimwuliza lile lililokuwa likinikera: kwa nini Gato hapati kula boga moja akatulia.

"Kwa sababu hakula," alisema.

Kanyana alikuwa yeye, akiwa na miaka minane. Gato alikuwa mdogo wake, ingawa jina hilo si lake. Jina lake hasa hakunitajia, na niliona mdomo wake ukilikaribia na kurudi nyuma. Wametembea siku nyingi. Mama yao ameshuka bondeni kutafuta maji, amewaacha wawili kando ya ua wa watu. Mwanamke wa nyumba ile anatoka, anawaona, anawaambia, "Watoto, njooni muonje boga."

"Nililisikia lile boga linavyonukia," Mwalimu aliniambia. "Na nilijua la kufanya, mama alitufundisha. Ukienda kwa watu, mkubwa anamfinya mdogo mgongoni, mdogo anasema ameshiba. Nikamfinya. Akasema, 'Ndahaze.' Mtoto mwenye adabu kabisa. Nikasema na mimi, 'Ndahaze.' Zaina, mimi sikukataa lile boga. Nilikuwa nangoja atukaribishe mara ya pili. Kwetu ndivyo ilivyo, mwenye nyumba anakaribisha, unakataa, anakaribisha tena, unakubali kama vile unamsaidia. Mimi nilikuwa nangoja ya pili tu. Na ile ya pili haikuja. Yule mama alikuwa na watoto wake ndani, na ilikuwa njaa. Adabu yangu ilimfaa. Akafunika chungu chake."

Mvua haikupungua.

"Mama alipanda na maji, tukaondoka. Kesho yake mdogo wangu akakaa chini njiani, hakuinuka. Mama alimbeba, akambeba. Tulifika mto Akagera tukiwa wawili."

Nikamwuliza kama mama yake alijua habari ya boga. Alisema alimweleza siku ileile, palepale njiani. Mama hakumpiga, hakumlaumu, hakusema neno. Wakaishi Karagwe, akasoma, akawa mwalimu, mama akazeeka mikononi mwake, na jambo lile halikutajwa tena kati yao mpaka siku ya kumzika. "Nilingoja aniseme," Mwalimu aliniambia. "Hata kwa hasira. Nilingoja miaka yote ile." Kisha akasimama ingawa mvua bado ilikuwa ikinyesha, akafunga karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, akatoka.

Tangu siku hiyo nilimwelewa na nikaacha kumtania. Nikaacha pia kucheka njia za Gato za kula, nazo ziliendelea kuja. Nilichapa moja ambayo yule mwanamke wa boga anawakimbilia barabarani na kipande mkononi, anawaita mara ya pili, na nikalia juu ya kibodi kwa sababu nilijua sasa anachotafuta. Alitaka kuisikia sauti ile ikiwaita, hata kwenye karatasi. Lakini hakuna njia iliyomkalia vizuri. Baada ya wiki mbili alikuja kuniambia niifute.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi, daktari akamwambia maneno ambayo hakutusimulia. Alipunguza kuchapisha, lakini hakupunguza kupika. Aliketi kwenye kigoda jikoni na kuamuru kwa mdomo, Mama Kevin akikoroga. Ndiye huyohuyo Mama Kevin aliyekuwa akimkwepa barabarani. Nilipomkuta na mwiko mkononi alinitazama kwa ukali, akasema, "Usiseme kitu."

Juma moja kabla ya siku ninayotaka kuieleza, Mwalimu aliniita na kompyuta yangu ya mkononi. Alikuwa kitandani, mito miwili mgongoni. Alisema tumalize. Akaniandikisha sura ile kama ilivyotokea, bila padri, bila mbwa. Gato anafinywa, anasema ameshiba, chungu kinafunikwa, na kesho yake anakaa chini njiani. Lugha yake ilikuwa safi na haikuwa na machozi. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kanyana, ambaye katika sura nyingine zote ni mtoto mchangamfu anayehesabu ndege, katika sura hii alibadilika. "Msichana mkubwa mwenye majivuno," Mwalimu alinitamkia. "Andika hivyo. Msichana mkubwa, mwenye akili zake, aliyejua anachofanya." Nikaandika kama alivyosema, kwa sababu tangu siku ya kwanza aliniambia nisibadilishe kitu.

"Nitawasomea Jumamosi," alisema. "Wakishindwa kuibeba, utanichapia upya ile ya kukimbiliwa barabarani, tuipeleke Kiyovu, yaishe. Wakiibeba, inabaki hii."

Jumamosi hiyo ilikuwa ya umuganda. Watoto walikuja baraza likajaa, tukamtoa Mwalimu na kiti chake, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Kulikuwa na msichana mgeni, mpwa wa Mama Kevin, ameletwa kutoka Gahanga kukaa na shangazi siku chache. Aliketi kwenye jerikani la mwisho, na miguu yake haikufika chini.

Mwalimu alisoma. Pumzi ilimkata mara kwa mara na kila ilipomkata watoto walingoja. Alipofika kwenye chungu kufunikwa sikusikia hata mtoto mmoja akijikuna. Alipofika kwenye Gato kukaa chini njiani, mvulana mmoja wa siku nyingi aliruka juu.

"Mwarimu! Kwa nini hakusema?" Alikuwa amekasirika kweli. "Angesema ndashonje!"

Wengine wakadakia. "Ndashonje! Angesema tu!" Baraza zima likapiga kelele, nina njaa, nina njaa, kana kwamba yule mwanamke angewasikia kule aliko. Walikuwa na hasira, wengine na machozi, lakini hakuna aliyeomba Gato afufuliwe. Waliibeba. Mwalimu aliniangalia na kuitikia kwa kichwa, na uso wake ulitulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Nikajua sura ile imebaki.

Kelele ilipokwisha, yule msichana wa Gahanga alisema, kwa sauti ndogo, "Na mimi ningemufinya."

Wenzake walimcheka. Mwalimu aliwanyamazisha kwa mkono. "Ungemfinya nani, mwanangu?"

"Mudogo wangu. Mama anasema mutoto akiomba chakura kwa watu, anatia nyumba aibu." Alisema bila kiburi na bila kuogopa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Mimi ndiye mukuru. Ningemufinya, aseme ndahaze. Halafu tungengoja watuite tena."

Hakuna aliyemfundisha neno hilo la mwisho, la kungoja kuitwa tena. Kwenye sura niliyochapa halikuwamo. Mwalimu hakuwa ameliweka, nadhani kwa sababu lingemtetea Kanyana.

"Njoo hapa," Mwalimu alisema.

Msichana aliteleza kutoka kwenye jerikani akaja. Mwalimu alimshika kiganja, akakigeuza juu, akakilaza ndani ya kiganja chake mwenyewe, kikapotea humo. Akamwuliza ana miaka mingapi.

"Umunani."

"Nane," Mwalimu alisema. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vya plastiki. Alikuwa amefundisha watoto wa umri huo maisha yake yote, amewalisha maelfu ya sahani. Lakini sidhani kama kabla ya siku ile aliwahi kumtazama mmoja wao na kumwona Kanyana.

"Zaina," aliniita bila kuniangalia. "Nane ndiyo hivi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ni mdogo hivi?"

"Ndiyo. Ni mdogo hivi."

Hakukiachia kiganja kile, na watoto wote walikuwa wakitutazama.

"Futa msichana mkubwa," alisema. "Andika mtoto. Kila mahali ulipoandika msichana mkubwa, andika mtoto." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Lakini mbona hakuna aliyeniambia?"